Mistari Isiyosomwa na Mashine

Mwanangu, iko Jumanne moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, kwenye hospitali hiihii ya Tabata, ambako keshokutwa nakuachia wewe kitengo cha kompyuta. Nilikuwa na umri wako, nina cheti kipya na maneno mengi, na nilijua kila kitu kasoro kunyamaza.

Kitengo cha kompyuta kilikuwa na watu wawili, mimi na Mzee Kondo. Alikuwa mtoto wa seremala wa Keko, mtu mpole, anachapa kwa vidole viwili. Mipangilio yote ya seva, ile kompyuta kuu inayounganisha nyingine zote, aliiandika kwa mkono ndani ya faili, mstari kwa mstari. Mimi chuoni nilizoea programu yenye madirisha na vitufe: unachagua, unabofya, kazi imekwisha. Nilimwangalia nikicheka moyoni. Na si moyoni tu, niseme ukweli, maana wauguzi niliwaambia yule mzee anatuchelewesha.

Jumanne hiyo yeye alikwenda msibani Chamazi. Nikaombwa niunganishe kompyuta mpya ya mapokezi kwenye mtandao. Nikafungua programu yangu, nikajaza, nikabofya kuhifadhi, nikaenda kunywa chai najisikia bingwa.

Chai haijapoa, dada wa maabara akaja mbio. Mashine ya vipimo vya damu haipeleki tena majibu chumba cha upasuaji, na huko juu yuko mama mjamzito aliyezidiwa, daktari anasubiri kujua kundi lake la damu. Nikafungua faili la Mzee Kondo. Programu yangu ilikuwa imeliandika upya lote kwa namna yake, na yale isiyoyaelewa ikayatupa. Nakala sikuweka. Kilichokuwemo sikukijua, kwa sababu sikuwahi kukisoma. Niliogopa, mwanangu.

Nikampigia simu. "Shikamoo mzee. Nimebofya kitu, maabara imekatika."

"Marahaba. Waambie waandike majibu kwenye karatasi, wapande nayo ngazi sasa hivi. Mengine tutayaona mie nikifika."

Hakunigombeza. Dada wa maabara akapanda na karatasi, na mama yule akajifungua salama mtoto wa kike. Mzee Kondo akaja na kanzu yake ya msibani, akatoa kabatini diski yenye nakala ya faili, akalirudisha. Kisha akaniketisha nilisome.

Nikaona mistari inayoanza na alama ya reli, hii #, ambayo mashine ikiikuta inauruka mstari mzima. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili. *Namba hii usiiguse, mashine ya maabara ni ya zamani, haijui nyingine.* Chini yake: *Samahani kwa fujo hii, nilikuwa na haraka.*

"Umenifutia barua zangu, binti," alisema. "Mashine haiyasomi haya. Nilikuandikia wewe, hata kabla sijakujua."

Akanieleza kuwa baba yake, kila alipomaliza kabati, aliandika kwa penseli chini ya droo aina ya mbao na gundi aliyotumia, ili fundi atakayelitengeneza baadaye asibahatishe. Nililia, wala sioni aibu kukwambia.

Kesho yake akavuta kiti karibu yangu. "Haya, sasa nifundishe hivyo vitufe vyako." Nilidhani ananitania. Akajifunza kwelikweli, na mpaka anastaafu alivitumia kuwasajili wafanyakazi wapya, kwa vidole vyake viwili, huku mimi nikijifunza kuandika faili kwake. Mungu amrehemu mzee wangu.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi vitufe. Mimi mwenyewe navitumia kila siku, na macho yangu haya yanavishukuru. Ila kabla hujabofya, lifungue faili usome kilichomo, weka nakala pembeni, na ujue programu yako itabakiza nini na itatupa nini. Na siku ukiandika kwa mkono usijione bora kuliko anayebofya, maana mimi nukta moja tu iliyokosewa imeshanikosesha chakula cha mchana mara nyingi. Vyovyote utakavyofanya, acha neno la kueleza kwa nini umefanya hivyo. Atakayekuja hatakuwa na wa kumuuliza.

Keshokutwa ukilifungua faili lile utakuta barua za Mzee Kondo bado zipo, na zangu zimefuata. Mwisho kabisa, baada ya alama ya reli, nimeandika jina lako nikaacha nafasi. Mungu akupe mkono uliotulia, akulinde na haraka, na siku utakapoondoka akuletee mtu atakayekusoma kabla hajabofya.