Mabano Mawili

Mkwe wa mzee, mke wa mwanawe, hufanyia kazi kwenye meza ya jikoni, katika kiti alichokuwa akikalia marehemu mke wa mzee. Huandika maagizo ya kuunda programu, na maagizo yenyewe lazima yakubali kwenye kompyuta yoyote, mpya au kuukuu. Mzee hajui kusoma, ila mikono anaisoma. Akiwa mtulivu, vidole vya binti huyu hudonoa, akikasirika, vinatwanga. Kila akimaliza huvuta kompyuta nyingine, kuukuu, iliyofungwa utepe pembeni, akajaribu upya huku midomo ikichezacheza bila sauti.

Jana alimfokea mwenzake wa kazini simuni, sauti ikijaa jiko zima. "Umeweka mabano mawili kwenye maagizo, kaka! Mashine za zamani zinaelewa bano moja tu." Mwenzake akacheka: "Mbona kwangu inakubali?" "Kwako! Kwako ndiko hospitali? Kesho wanaiweka programu hii, na kompyuta zao zote ni kuukuu." "Basi wanunue mpya." Binti akakata simu. Mzee akaikumbuka siku aliyompeleka mkewe mgonjwa hospitali. Siku ile karani wa hospitali aliwaambia mashine imegoma, wasubiri kidogo. Mkewe hakufika mwisho wa kusubiri. Binti alifuta bano la ziada kila mahali, mstari kwa mstari, akasonya, akakipiga kitufe kama anayeua mbu. Kompyuta kuukuu ikanguruma, ikakubali. "Imekubali, baba," akasema, bila kutabasamu. Mzee alikuwa amekunja ngumi juu ya goti. "Jaribu tena," akamwambia. Binti akajaribu tena.