Siku Nilipigia Mama Mkwe Riveti

Hii nitawaambia mwenyewe, juu mkiambiwa na watu wa Ikutha wataongeza chumvi, na chumvi ni kazi yangu: nilipeleka mbuzi tatu za ntheo kwa kina Mwende ndio nianze kuhesabiwa mume, na kabla hata mbuzi hazijafungwa, nikawa nimefunga mama yake na sufuria.

Shida ilianza Kibwezi, nikinunua bunduki ya riveti, ile ya kubana na mkono mpaka kimsumari kifure upande wa pili kishike. Mwenye duka akaniuliza natengeneza nini, nikamwambia sufuria, milango, dunia yote. Akasema, "Ya sufuria chukua hizi riveti fupi." Fupi? Mimi na mabega haya? Nikabeba ndefu (ndefu, ungezichomea nyama).

Sasa tumefika Ikutha, shikio la sufuria kubwa ya alumini likang'oka, na ndiyo ya pilau ya wageni. Wanaume wote wako kwa mbuzi. Nikaona hapa ndio pa kuonyesha Mwende amepata mwanaume, nikatoa bunduki. Nani atashika sufuria? Mathee mwenyewe, mama Mwende, akaingiza mkono ndani akasukuma ndio isicheze.

Na mnajua nthoni yetu sisi Wakamba: mama mkwe humkaribii, humwangalii usoni, mkikutana njiani unaingia kichakani. Kwa hivyo mimi nilipiga riveti nikiangalia choo. Tak! Tak! Nikasema, "Imeshika."

Kweli ilishika. Mathee kutoa mkono, sufuria ikamfuata! Zile riveti zilipita shikio, zikapita sufuria, zikaingia kwa mashimo ya sweta yake ya kufumwa, zikafura huko ndani.

"Wewe," akasema polepole, "umenifanya nini?"

Shangazi ya Mwende akapiga nduru. "Woi! Njooni muone, Mama Mwende amevaa sufuria!"

Wazee wakakuja mbio na visu za mbuzi. Nikasema tukate mkono wa sweta.

"Guza uone!" mathee akasema. "Mwende ndiye alinifumia hii. Kata shingo yako kwanza."

Ikabidi niazime tupa kwa fundi wa baiskeli, nikakaa nasugua vichwa vya riveti goti kwa goti na mama mkwe, jasho inanitoka mpaka kuku wanakuja kunywa, kijiji yote imesimama kama mkutano ya injili. Mjomba Musyoka, ndiye msemaji wao, akakohoa.

"Hii ntheo tusimamishe. Kijana hana nthoni. Amemshika mama mbele ya watu."

Nikaona Mwende ndio huyo anaenda, na mbuzi zangu zinarudi nyumbani zikinicheka.

Riveti ya mwisho ikaachilia. Mathee akavuta mkono, akageuza sweta huku na huku, hakuna uzi hata moja imekatika. Akaniangalia usoni, mara ya kwanza.

"Musyoka, nyamaza," akasema. "Mtu anashika kitu namna hii, ataachilia mtoto wangu aende wapi? Aongeze mbuzi moja ya nthoni, mambo iishe."

Niliongeza hiyo siku hiyo hiyo, kabla abadilishe mawazo. Mwende ako hapa ndani saa hii, anacheka akinisikia. Lakini nimeapa: kitu yoyote ikishikwa na mama mkwe, wacha ikae imevunjika.