Shangazi Aaga, Ndege Yagoma

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa udereva, na kazi hiyo ilimharibu mguu na mdomo. Mguu, kwa sababu gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na baada ya kuikanyaga miaka nenda miaka rudi akawa anakanyaga breki popote alipoketi: kwa daktari, harusini, hata sebuleni kwetu akitazama televisheni. Mdomo, kwa sababu mwanafunzi anayekwenda kuparamia ukuta habembelezwi. Anaambiwa. Shangazi alizoea kuwaambia watu, na hakujua kazi inaishia wapi.

Alikuwa na binti mmoja tu, anayeishi ng'ambo na mumewe. Binti alipojifungua mtoto wa kwanza, shangazi, ambaye hata ngazi za ghorofani alikuwa akizipanda kwa malalamiko, akatangaza kwamba atapanda ndege. Akakusanya akiba yake yote. Tiketi alikatiwa na mama yangu, wifi yake, ambaye ni karani wa shule na ndiye peke yake kwetu anayeelewana na kompyuta. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba.

Jumapili kabla ya safari tukakaa sebuleni kumuaga, na hapo ndipo alipoharibu. Shangazi alikuwa na imani yake, sijui aliitoa wapi, kwamba anayesafiri mbali ana ruhusa ya kusema yote yaliyo moyoni, maana mpaka atakaporudi watu watakuwa wameshasahau. Akaanza na baba.

“Kaka, hujui kuendesha gari. Leseni ile ulipata kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa yangu.”

Baba akacheka, kwa kuwa analijua hilo. Mimi nikaambiwa ndevu zangu zinaonekana kama nimesahau kunawa uso. Nikameza. Kisha akaushika mkono wa mama, kwa upendo kabisa.

“Wifi yangu, masweta unayonifumia kila mwaka yananiwasha. Nimeyavaa kwa ajili ya ndoa ya kaka yangu tu. Lile la kijani nafutia vioo vya gari.”

Mama aliinuka. Alikusanya vikombe vyote vya chai, pamoja na kile ambacho baba alikuwa bado anakinywea.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba kwa sababu ya ugonjwa mipaka imefungwa, ndege zimesitishwa, na kila mtu akae kwake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Shangazi yangu mjukuu alimkosa, akaachiwa majuto peke yake.

Mtu mwenye akili timamu angekuja akasema, jamani, nipo. Shangazi akaamua kwamba amesafiri. Akafunga mapazia, na jioni akapiga simu.

“Nimewahi ndege ya mwisho!” akasema. “Huku baridi, acheni tu!”

Baba akaweka spika ili wote tusikie. Tukamsikia akisifia barabara za huko na adabu ya madereva wao, mpaka akapiga chafya. Chafya ile tuliisikia mara mbili kwa mpigo, moja kwenye simu na nyingine ukutani.

“Afya, wifi,” mama akauambia ukuta.

Shangazi akakata simu. Baada ya hapo hawakusemezana, na mimi, kijana mzima mwenye ndevu, nikawa tarishi wa mawifi.

Kisha shirika la ndege likatoa habari: anayetaka kurudishiwa nauli aombe kabla ya Ijumaa, la sivyo fedha ndiyo imekwenda. Shangazi akashtuka. Wanafunzi hana, gari limeegeshwa, akiba yote imo ndani ya tiketi ile. Bila nauli hiyo, mjukuu wake angekuja kumwona akiwa naye ameshaota ndevu. Akaanza kupiga simu huduma kwa wateja. Kwa asubuhi nzima tulisikia kinanda kikilia upande wa pili wa ukuta, na sauti ya mashine ikisema simu yako ni muhimu kwetu, na shangazi akiijibu, “Kama ni muhimu, pokea!” Mwishowe akapokea binadamu, akamwambia kwamba anayeweza kuomba ni yule tu aliyekata tiketi.

Nikatumwa. Mama alikuwa akifuma. Akasikiliza ujumbe mpaka mwisho.

“Mwambie,” akasema, “mtu aliyekwishafika ng'ambo anadai nauli ya nini?”

Basi Alhamisi shangazi akaja mwenyewe. Akasimama uani, mbali na dirisha kama ilivyoamriwa, barakoa imemfika machoni. Alionekana mdogo. Nilizoea kumwona akifokea watu, na kumwona amenyamaza namna ile kuliniuma. Mama ana hasira, lakini roho mbaya hana. Akaiweka simu dirishani, akapiga, tukasikiliza kinanda wote pamoja mpaka msichana mmoja mwenye sauti laini akapokea.

“Ili tuhakikishe wewe ndiye mwenye akaunti, mama, jibu swali ulilochagua siku ya kuifungua. Rafiki yako wa karibu ni nani?”

Mama akatazama sindano zake.

“Sina rafiki,” akasema.

“Samahani, hilo silo jibu uliloandika. Zimebaki nafasi mbili.”

“Mtaje mwalimu mkuu wenu!” shangazi akapiga kelele toka uani. “Si mnakula pamoja kila siku?”

Mama akamtaja mwalimu mkuu.

“Siyo, mama. Hii ni nafasi ya mwisho. Ukikosea, akaunti inafungwa.”

Mguu wa shangazi ukakanyaga breki mpaka kisigino kikazama udongoni. Mama akainamia simu, akanong'ona kitu.

“Sijakusikia, mama. Sema kwa sauti.”

“Wifi!” mama akafoka. “Niliandika wifi! Ndiye huyu hapa uani, hana hata haya!”

“Jibu ni sahihi. Ombi lako limepokelewa, nauli yote itarudishwa.”

Shangazi hakushangilia. Alikuwa analia, barakoa imelowa.

“Wifi, nisamehe.”

“Laini inakatika,” mama akasema, akitazama pembeni.

“Nisamehe, wifi!” shangazi akapaza sauti ile ya kuokoa magari, na mtaa mzima ukafungua madirisha. “Nilikosa! Nilidhani naondoka!”

“Tumepokea msamaha wako, mama,” simu ikasema, “na tunathamini uvumilivu wako. Kuna lingine?”

“Hakuna,” mama akajibu, akakata. Kwanza alitaka kununa. Halafu mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo, akaifuta pua yake na kumtazama wifi yake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

“Umesamehewa,” akasema. “Lakini siku utakayosafiri kweli, ole wako uage.”