Maji Niliyosema Yana Chumvi

Mwanangu, ipo siku moja ya Ramadhani, miaka ile ya vita, ambayo nikiikumbuka naona haya mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwashi pale Likoni, kijana wa Kigiriama niliyeteremka kutoka Kaloleni na shati moja jeupe na maringo ya watu kumi. Likoni ya siku hizo ilikuwa minazi na viwanja vitupu, na jirani ukimwita kwa sauti aliitika hata kama nyumba yake huioni. Natamani ungeiona.

Aliyeniajiri ni Fundi Athumani, mzee mpole ambaye mikono yake ilikuwa imeliwa na chokaa. Tukaitwa na tajiri mmoja wa nafaka. Ghala lake lilikuwa na chumba chini ya ardhi, kimechongwa ndani ya jiwe la matumbawe, na pembeni mwa chumba palikuwa na shimo la kukusanya maji yaliyopenya ukutani. Kwa kawaida mlinzi aliyatoa kwa pampu ya mkono mara moja kwa juma. Juma hilo alipampu kutwa na shimo halikauki, ilhali mvua ilikuwa imekatika zamani, na magunia ya mahindi yalikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

Fundi Athumani alichutama akayatazama yale maji. "Kwanza tujue yatoka wapi," alisema. "Yakiwa ya chumvi ni bahari. Yakiwa matamu ni ya watu, yamevuja kwao. Mimi nimefunga, Katana. Hebu teremka wewe uyaonje."

Nikateremka. Mwanangu, lile shimo! Mende wanaelea, na panya mmoja aliyekufa siku nyingi. Juu yangu tajiri na makarani wake wamesimama wananitazama. Tena mwezi ulikuwa mpevu, maji makuu ya bamvua yamefurika kule kivukoni, na kila mtu alikwisha kukata shauri kwamba hiyo ni bahari tu. Nikachota kwa kiganja cha kulia, nikawapa mgongo, nikajipangusa midomo kwa mkono wa kushoto uliokuwa mkavu.

"Yana chumvi, Fundi."

"Sana?"

"Sana." Na nikatema mate, kuutia uongo wangu nakshi.

Basi tukaanza kuziba ukuta wa upande wa bahari. Siku tatu tulibandua na kupiga saruji, mlinzi naye anapampu na kuyamwaga mtaroni. Fundi aliweka alama ya mkaa kwenye ukuta wa shimo. Bahari ikapwa, maji ya shimoni hayakushuka hata kidogo. "Bahari gani hii isiyojua kupwa?" alisema, akikuna ndevu. Akanitazama, lakini hakuniuliza tena. Aliona kuniuliza mara ya pili ni kama kuniita mwongo, na yeye hakuwa mtu wa hivyo.

Siku ya nne, adhuhuri, nilijilaza nyuma ya ghala kwenye kivuli cha ukuta. Ng'ambo ya ukuta huo aliishi mjane mmoja, Bi Mwanasiti, pamoja na mke wa mwanawe aliyeitwa Mwanajuma. Huyo mwana alikuwa vitani Burma. Uani mwao palikuwa na birika kubwa lililochimbwa ardhini, la kuhifadhi maji ya mvua. Nikasikia kelele.

"Maji yabaki magotini na vuli bado! Wampelekea nani? Mamako huko Mtongwe?"

"Mama, naapa sijateka zaidi ya ndoo mbili kwa siku."

"Waapa, nawe umefunga? Kusanya nguo zako urudi kwenu. Mwanangu akija nitamweleza mwenyewe."

Nilimsikia Mwanajuma akilia kama mtu anayejificha asisikiwe, nikalikumbuka shimo letu lisilokauka. Niliteremka shimoni mbio, nikachota, nikanywa. Mwanangu, yalikuwa matamu, na nyuma ya utamu ile ladha ya chokaa ya birika. Siku zote hizo tulikuwa tunayamwaga mtaroni maji ya mjane, na mke wa mtu anaitwa mwizi kwa ajili yangu.

Nilimkuta Fundi akikoroga saruji. "Fundi, siku ile sikuonja."

Aliweka mwiko chini. Laiti angenipigia kelele! "Mimi nilikuazima ulimi wako," alisema. "Ungesema hutaki, ningemwita mlinzi. Kusema hutaki kungekudhuru nini?"

Akanishika mkono mpaka uani kwa Bi Mwanasiti, nikalisema lote mbele ya wanawake wale wawili. Mwanajuma alikuwa amekaa, fundo la nguo mapajani. Ufa ulionekana chini ya birika, upande wa ghala, mwembamba kama uzi. Tukahamishia maji mapipani, Fundi akauziba kabla ya magharibi. Bi Mwanasiti alimwomba mkamwana wake radhi, wakalia pamoja. Mimi niliwabebea maji ya kisima kwa mzega mpaka vuli, mabega yakatoka malengelenge, na nilistahili.

Mwanajuma hakuondoka. Lakini tangu siku hiyo kila alipokwenda birikani alisimama kwanza akaita: "Mama, nateka ndoo moja!" Masika yakaja, birika likafurika, akaita. Mumewe akarudi salama, akamsihi aache, bado akaita. Miaka mingi baadaye nilikuwa nikipita njia ile naisikia sauti yake, naongeza mwendo.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikutuma umtazamie jambo nawe ukalichukia, mwambie umelichukia. Kama hukuonja, sema hukuonja. Aibu yake ni ya saa moja tu, watu watacheka kisha watakwenda kula. Lakini neno ulilolisema bila kulijua huvuka ukuta likamwangukia mtu usiyemwona, naye hatajua limetoka wapi. Mungu akupe ulimi wa kukiri mapema, akupe mabwana wapole kama Fundi wangu, na akujalie asiwepo mtu hata mmoja duniani anayehesabu ndoo zake kwa sauti kwa sababu yako.