Neno Walilomwandikia Thobias

Hamdani wa Ujiji alikuwa na hasira za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kila siku: pancha, mbuzi katikati ya barabara, mtu anayeomba lifti huku amejitwika gunia la mihogo. Hiyo ilimtoka mdomoni ikaisha. Ya pili ilimjia mara chache maishani, na ikimjia alinyamaza. Mwaka wa tisini na sita, mwishoni mwa kiangazi, ilimjia hiyo ya pili, na aliyeileta alikuwa mtu mwenye kalamu.

Kwa karibu miaka thelathini Hamdani alikuwa akipandisha dagaa Kalinzi kwa baiskeli na kurudi na ndizi na maharage. Barabara hiyo ni ya milima, na jua la Septemba halina mjomba wala shangazi. Lakini Hamdani alikuwa na akili ya jua. Alitoka alfajiri mara tu baada ya swala, akiwa amekunywa maji mpaka tumbo linacheza, na njiani alikunywa kidogokidogo kabla koo halijamwomba. “Kiu ikifika mdomoni,” alikuwa akisema, “ujue imeshakula miguu.” Dumu lake la lita tano lilikuwa na chumvi kidogo na sukari kidogo, na chini ya kofia alilaza kitambaa kilichoroweshwa. Alikuwa na mahali pake pa kushuka: Mwandiga, kisha kwenye mikaratusi, kisha Mkongoro, na mahali pengine popote ambapo mwili ulimwambia. Akijisaidia alitazama rangi ya mkojo wake bila haya. Ukiwa kama chai ya rangi, alikaa kivulini mpaka mambo yatengemae, hata kama mwenye dagaa anamngoja mlimani na matusi. Vijana walimcheka, wakimwita bibi harusi. Alicheka nao, akaendelea kukaa.

Mwaka ule watu walikuwa wakimiminika kutoka Burundi kwa kupitia milimani, wengine na magodoro kichwani, wengine mikono mitupu. Kabla magari hayajawachukua kuwapeleka kambini walilala vijijini, wakateka maji kwenye chemchemi zilezile za wenyeji. Ofisi moja mjini ikaogopa kipindupindu, na ilifanya vema kuogopa. Ikataka maji ya chemchemi za Kalinzi yapimwe kila siku. Magari karibu yote yalikuwa yanabeba watu, kwa hiyo wakaajiriwa waendesha baiskeli wawili wa kuleta vichupa maabara, kwa zamu. Mmoja alikuwa Hamdani. Wa pili alikuwa Thobias, Muha wa Kalinzi, mtu wa miaka thelathini na minne, mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya ya kanisa lake. Huko kwao, ambako pombe ya ndizi humkaribisha kila mgeni, Thobias alikuwa hajapata kuionja, na watu walimjua kwa hilo kama wanavyomjua mtu kwa kovu la usoni.

Mkuu wao alikuwa Bwana Elinipa, kijana wa Upare aliyehamishiwa Kigoma mwaka uleule. Hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: jambo ambalo halikuandikwa, kwake halikutokea. Akafungua daftari. Mwendeshaji atasaini kutoka saa nne, kwa kuwa ndipo Elinipa alipomaliza kikao cha asubuhi, na atasaini kurudi kabla ya saa kumi. Muda huo aliupata kwa kupanda Kalinzi kwa gari, akatazama saa yake, akazidisha. Kulikuwa na safu nyingine iliyoandikwa: “Amesimama wapi na kwa nini.” Kusimama mara tatu kwa wiki bila sababu ya maana kuliitwa uzembe, na uzembe ulikuwa na barua yake ya onyo.

“Bwana Elinipa,” Hamdani alimwambia siku ya kwanza, “niache nitoke alfajiri. Saa nne hiyo utanikuta hapa na vichupa vyako.”

“Alfajiri nani atakusainia, mzee?”

“Mwenyezi Mungu.”

“Yeye hayumo kwenye orodha ya watumishi,” alisema Elinipa, na wala hakuwa anatania.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Saa nne kwenye lami ya Mwandiga hewa inatetemeka; saa sita mpandaji yuko kwenye vilima, mzigo wa boksi la vichupa uko nyuma, na hakuna upepo. Anayepanga mtu apande vilima vile saa hiyo bila kusimama, huyo hajapanga safari, amepanga maziko. Lakini Hamdani hakusema hivyo. Alifanya hila. Alisimama kila mahali alipozoea, akanywa, akakaa, na kwenye ile safu akaandika neno moja: pancha. Elinipa aliona pancha kuwa sababu ya maana. Hata alimsifu mbele ya watu kwamba mzee yule, pamoja na mipira mibovu, hakati tamaa.

Hila hiyo alimfundisha na Thobias. Thobias alitikisa kichwa.

“Kaka Hamdani, siwezi kuandika kitu ambacho hakikuwepo.”

“Basi andika ulipumzika, uone.”

“Nitapata barua. Basi sitasimama.”

Na kweli hakusimama. Hamdani alimwona akirudi jioni na midomo imepasuka na macho yameingia ndani, akamkemea, akamwachia dumu lake. Dumu lenyewe halikusaidia, kwa sababu kunywa huku unapanda kilima na mzigo si kunywa, ni kujimwagia kifuani. Hamdani alijua hivyo. Alijua pia kwamba ilimpasa arudi kwa Elinipa apige meza. Kila siku alisema kesho.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Thobias. Jioni hakurudi. Usiku habari ikafika Ujiji kwamba Thobias ameokotwa njiani, juu ya Mkongoro, amelewa chakari.

Hamdani alisikia akacheka, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, kama kusikia samaki amekufa maji. Kisha akaona anayemwambia hacheki.

Asubuhi alikwenda zahanati. Thobias alikuwa kitandani, chupa ya pili ya dripu inamalizika mkononi mwake. Muuguzi alisema mtu huyu hakuwa na harufu yoyote ya pombe. Alikuwa amekauka, na angechelewa saa moja tu wangekuwa wanazungumza mengine. Lakini gari lililomwokota lilikuwa la ofisi, na ndani alikuwemo Bwana Elinipa. Alimkuta mtu anapepesuka, anatapika, anaimba besi ya wimbo wa kwaya katikati ya barabara bila anayemwitikia. Akatoa kalamu palepale. Kwenye daftari, Hamdani aliyaona maneno kwa macho yake: “Amekutwa amelewa njiani wakati wa kazi.”

Maneno hayo yalipanda mlima kabla ya mwenyewe. Thobias aliporudi Kalinzi Jumamosi, mzee wa kanisa, Pastory, alikuwa ameshamtuma mtu kuchukua joho lake la kwaya. Mke wake, Frida, alilitoa likiwa limekunjwa vizuri, akafunga mlango bila kusema neno.

Hamdani alipanda Kalinzi, akamkuta Thobias nyumbani, amekaa amegeukia ukuta.

“Kazi wachukue,” alisema Thobias, na sauti yake nzito ilikuwa imebaki nusu. “Hilo neno waliondoe. Watoto wangu wanaitwa kwa hilo neno shuleni.”

“Hukusimama hata mara moja?”

“Nilisimama. Mkongoro, kwa Mama Marcelina. Aliniletea amazi ya kunywa.” Akaukuna ukuta kwa kidole. “Sikunywa.”

Hamdani hakumuuliza kwa nini. Aliona aibu imemjaa mwenzake, akashuka Mkongoro kumuuliza mwenye maji.

Marcelina alikuwa mjane, mkulima wa kahawa na ndizi, nyumba yake pembeni ya barabara. Hamdani alimwamkia, akaketi, akauliza. Mama yule akaanza kulia kabla hajajibu.

“Nilimpa, baba. Maji ya kuchemsha, kikombe safi, nimekifunika kwa kisahani. Kama tulivyofundishwa kwenye semina ya kipindupindu.”

“Ukaonja?”

“Wametukataza kuonja! Kikombe kimoja, mdomo mmoja, walisema. Wale wa ofisi yenu.”

Hapo Hamdani akaelewa yote. Katika nyumba za Waha, tangu enzi za mababu, anayempa mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya macho yake, ili mgeni ajue hamna sumu wala ubaya. Kinywaji kisichoonjwa mtu aliyelelewa vizuri hakimezi. Wala hasemi. Hulowesha midomo, hushukuru, humwaga pembeni kwa adabu, kisha huenda zake akijiuliza amemkosea nini mwenye nyumba. Ofisi ilikuwa imewafundisha wenye vikombe. Wenye kiu haikuwafundisha. Marcelina alimwonyesha nyuma ya mgomba: siku ile, alisema, alikuta udongo umelowa, akadhani ni kuku wamepindua chombo. Thobias alikuwa ameondoka na kiu ileile, mtu ambaye hajasimama tangu mjini, akapanda kilima kilichofuata.

“Ni mimi niliyemnyima,” alisema Marcelina.

“Si wewe,” alisema Hamdani. Na baada ya hapo hakusema kitu tena, na aliyemfahamu angeogopa.

Jumatatu saa nne Hamdani aliingia ofisini na Marcelina, aliyembeba kwenye keria kutoka Mkongoro. Elinipa alisukuma daftari mbele yake asaini.

“Kwanza sikiliza, bwana,” alisema Hamdani, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi cha kumfanya karani aache kupiga mhuri. “Huyu mama ana maneno.”

Marcelina akasema yote, na kisahani alikitaja mara tatu. Hamdani akaongeza maneno ya muuguzi. Elinipa alisikiliza akigongagonga kalamu.

“Pole sana, mama. Lakini mzee, mimi niliandika nilichokiona. Na sasa naona alikataa maji kwa hiari yake. Naweza kubadilisha nikaandika hivyo.”

Hamdani aliweka kofia yake juu ya meza. Mtu amemkausha mwenzake kama dagaa, na sasa anatafuta namna ya kuandika kwamba dagaa alijianika mwenyewe!

“Fungua daftari,” alisema. “Ukurasa wangu. Soma nimepata pancha ngapi mwezi huu.”

Elinipa akahesabu. “Kumi na saba.”

“Hamna hata moja. Nilikuwa nimekaa kivulini nakunywa maji. Kumi na saba zote ni uongo, na ukanisifu mbele ya watu. Thobias kakataa kuandika uongo, ndiyo sababu hakupumzika, na ndiyo sababu akaanguka. Mwongo umemwita mchapakazi, mkweli umemwita mlevi! Kama kalamu yako ina kiu ya kuandika kosa la mtu, mimi hapa. Niandike. Nifukuze leo.”

Karani akatazama dirishani. Elinipa alirudi kwenye ukurasa, akazisoma zile pancha mojamoja kwa kidole, kana kwamba angekuta moja ya kweli. Kisha akafungua ukurasa wa Thobias. Alikata mstari juu ya maneno yake, akaandika tarehe pembeni, akasaini.

“Na kuanzia kesho mtatoka alfajiri,” alisema bila kuinua macho. “Ile safu ya kusimama nitaifuta.”

“Ahsante. Lakini bado.”

“Bado nini tena, mzee?”

“Umefuta hapa. Kule Kalinzi hakuna anayesoma daftari lako. Neno liko midomoni mwa watu, na midomo haifutiki kwa kalamu. Jumapili, kanisani, uende ukaliondoe wewe mwenyewe.”

“Mimi ni mtumishi wa serikali. Siwezi kwenda kusimama mbele ya—”

“Thobias alisimamishwa mbele yao akiwa hayupo,” alisema Marcelina. Alikuwa hajamwangalia afisa usoni mpaka wakati huo. “Wewe utakuwepo.”

Jumapili Elinipa alikwenda. Hamdani naye alipanda, akatoka giza halijaisha, akanywa na kupumzika popote alipotaka. Kanisani hakuingia, alisimama nje ya dirisha, kofia mkononi, kama yeye ndiye anayeshitakiwa. Ndani watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, wakiwemo wageni wa kutoka ng’ambo ya mpaka. Thobias alikaa benchi la nyuma, bila joho. Frida alikaa pembeni yake.

Baada ya matangazo Pastory alimpa mgeni nafasi. Elinipa alisimama na karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni.

“Ndugu zangu,” alisema, “Thobias hakuwa amelewa. Alikuwa na kiu. Alikuwa amepanda kutoka mjini mchana, juani, bila kupumzika hata mara moja, na mwili ukamshinda. Niliandika vibaya, na naomba radhi.”

Kukawa na minong’ono. Pastory alianza kuinuka ili amshukuru mgeni na kuendelea na ibada. Lakini Frida alikuwa ameshasimama. Mwanamke yule, aliyelitoa joho bila neno, hakupaza sauti.

“Baba,” alimuuliza mgeni, “mume wangu ana akili zake. Nani alimkataza kupumzika?”

Elinipa alitazama mlangoni, akatazama miguu yake. Nje, Hamdani alishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Hakuna aliyekohoa kumsaidia.

“Mimi,” alisema Elinipa.

Frida akaendelea kusimama. Alimtazama mpaka mtoto mmoja akaanza kulia mgongoni kwa mama yake, kisha akaketi, akauchukua mkono wa Thobias, akauweka juu ya goti lake mbele ya watu wote.