Kadi Zilizokunjwa Kona

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni haja ya kuficha. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kwa hiyo msomaji asishangae nikisema kwamba siku ya kwanza nilipokutana na mama wa Kisumu, nusura nimwagie maji.

Ilikuwa katika kliniki yetu ya Moseley, mtaa wa mji wa Birmingham, Uingereza, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Kliniki haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya chama cha hiari, chama cha akina mama wa Kiingereza waliojitolea kuwasaidia wanawake kupanga uzazi, wakati ambapo wakubwa wengi waliona haya hata kulitaja jambo hilo. Walikodi vyumba viwili vya chini katika nyumba kubwa ya zamani. Daktari alikuja mara mbili kwa wiki, na mambo mengine yote yaliendeshwa na katibu, mjane mmoja mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi. Mimi nilikuwa nimetoka Kenya kusomea uuguzi, nikahitimu, nikaajiriwa pale.

Mama huyo aliingia na koti la mvua juu ya nguo zake za Kihindi, akaniangalia usoni, akatambua nimetoka wapi. Akasema, "Wewe, lete maji."

Kiswahili cha jikoni! Kile kile tulichoamrishwa nacho nyumbani. Damu ilinipanda kichwani. "Mama," nikamwambia, "mimi si yaya wako. Hapa Birmingham naitwa sista, na ukitaka maji unasema naomba."

Alinitazama, kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio cha kweli. Akaniambia kwamba tangu afike Uingereza hakuwa amezungumza Kiswahili na mtu yeyote nje ya nyumba yake. "Hayo ndiyo maneno niliyofundishwa," akasema. "Nifundishe mengine." Basi hasira ikaniisha. Nikamletea maji, na tangu siku hiyo akaniita dada.

Walikuwa Makalasinga, kama tulivyowaita Kenya Wahindi wa vilemba. Mume wake alikuwa fundi wa reli Kisumu, na walipohamia Birmingham akapata kazi karakana ya Tyseley. Walikuwa na mabinti watatu, na mama mkwe aliishi nao. Huyo mama mkwe alitaka mjukuu wa kiume, na alilisema hilo kila siku ya Mungu.

Lakini daktari wetu alipompima mama wa Kisumu alisikia jambo katika kifua chake, akampeleka hospitali, na majibu yakarudi. Utotoni aliugua homa ya viungo, na homa hiyo ikamwachia moyo mbovu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeketi mbele yake nikamweleza kwa Kiswahili: "Ukishika mimba nyingine, moyo wako hautaweza."

Alinishika mikono yote miwili. Akaniapisha nisimwambie mtu. Wazazi wake walipomwoza hawakusema lolote kuhusu ile homa, na sasa mdogo wake alikuwa amechumbiwa na ndugu wa mume wake, wa nyumba hiyo hiyo. Ikijulikana kwamba waliozwa mgonjwa, uchumba ungevunjika na wazazi wangeitwa matapeli. Niliapa. Kwa muuguzi hilo halikuwa jambo kubwa, siri za watu ndiyo kazi yetu.

Chama kilikuwa na desturi yake kwa wanawake kama huyu, waliotumia vidonge kwa siri. Siku yangu ya kwanza kazini katibu alinionyesha sanduku la kadi. Kadi nyingine zilikuwa na kona ya juu imekunjwa. "Hizi," akasema, "usiziandikie barua nyumbani, hata dunia ikiwaka moto." Kwenye kadi hizo hapakuwa na anwani. Mwanamke alikuja mwenyewe kuchukua vidonge vyake, na asipokuja tulimsubiri. Hakuna sheria iliyoandika hayo. Ilikuwa kona ya karatasi tu, na sisi tuliojua maana yake.

Alhamisi sikuwa kazini mchana, na mama wa Kisumu akaanza kunialika kwake kunywa chai. Nyumbani aliwaambia kwamba mimi ni muuguzi tu aliyekutana naye kwenye kituo cha basi. Mama mkwe alinifurahia kupita kiasi. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Kisumu, chenye nguvu na matusi kidogo, na alikuwa na kiu ya kukizungumza. Alinipa chevda, ule mchanganyiko wa dengu na njugu za kukaanga, kwenye sahani, akanikalisha kiti cha karibu na hita, akaniuliza bei ya sukuma wiki kana kwamba nilikuwa nimetoka sokoni asubuhi hiyo. Wajukuu walimwelewa lakini walimjibu kwa Kiingereza, na hilo lilimuudhi. Nitasema kweli, nilimpenda. Nilikuwa mbali na mama yangu, na yeye alinigombeza kama mama yangu.

Mambo yalikwenda hivyo miaka kadhaa. Kisha ikaja sheria.

Bunge lilipitisha sheria ya kupanga upya huduma za afya nchi nzima. Huduma zilizotawanyika huku na huko, za manispaa, za hospitali na za vyama kama chetu, ziliwekwa chini ya mamlaka mpya za afya za kila eneo. Katibu alitusomea barua katika kikao cha kamati, wanawake saba kuizunguka meza, chai ikipoa. Kliniki yetu ingechukuliwa. Kamati ingevunjwa.

Mimi niliunga mkono, tena kwa sauti kubwa. Nani angekataa? Vidonge vingetolewa bure kwa kila mwanamke, maskini na tajiri. Mama angepimwa, mtoto angepimwa, kila kitu chini ya paa moja. Nilisema tusing'ang'anie vyumba viwili vyenye kuta zilizoota ukungu kwa sababu tu tulivizoea. Mpaka leo naamini sheria ile ilikuwa nzuri.

Katibu alisubiri nimalize. Akauliza, "Na kona zilizokunjwa, nani atazijua?"

"Ah, mama," nikamjibu, "serikali si watoto." Wenzangu wawili walicheka. Yeye alivua miwani akaifuta.

Wiki zilizofuata alikuja kijana wa ofisi mpya, mwenye tai na maboksi ya fomu. Kila kadi inakiliwe kwenye fomu, alisema, na yote yaliyomo yatakuwa siri. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami nilijivunia. Fomu zilikuwa ngumu kama kadibodi na hazikuwa na kona ya kukunja. Nilipeleka rundo la kwanza. Zile zisizo na anwani zilirudishwa kwangu zote, na kikaratasi: bila anwani haipokelewi.

"Andika anwani ya hapa kliniki," katibu akaniambia.

"Hapa tunafunga. Si huko ni kudanganya serikali?"

"Basi danganya."

Nilitii, lakini kwa kununa. Fomu moja baada ya nyingine niliandika anwani ya nyumba ya Moseley, na sikuwa na lingine la kuandika, maana sikujua wanawake hao waliishi wapi. Nilipofika kwa mama wa Kisumu kalamu ikasita. Huyu nilijua anapoishi. Nilijua rangi ya mlango wake. Nikawaza: huyu ana moyo mbovu, akizidiwa siku moja, hospitali itafute anwani ikute nyumba tupu ya Moseley? Muuguzi wa Kiingereza asingeijua anwani hiyo, angeandika uongo na kuendelea. Mimi nilikuwa nimekunywa chai pale Alhamisi nyingi mno. Nikaiandika, namba ya nyumba na mtaa, kwa mwandiko wangu mzuri. Sikumwambia katibu, wala sikumwambia mama wa Kisumu mwenyewe.

Sheria ilipoanza kazi, chama kilikwisha. Katibu alipewa barua ya shukrani. Aliikunja akaitia mkobani, akapeana mkono na kila mmoja wetu, akaenda zake. Sisi wauguzi tulihamia jengo jipya lenye taa nyeupe na viti vya plastiki.

Alhamisi moja, mwezi ulikuwa haujaisha, nilibisha mlango kama kawaida. Alifungua mama mkwe. Mkononi alikuwa na bahasha ya kahawia, na nyuma yake alisimama mjukuu mkubwa, yule anayesoma barua zote za nyumba ile, ameinamisha kichwa.

"Sista," mama mkwe akasema, "wewe ni wa kliniki hii?"

Barua ilimjulisha mama wa Kisumu kwamba huduma yake ya kupanga uzazi imehamia jengo jipya, na siku yake ya kuchukua vidonge ni hii na hii. Mtoto alikuwa amemsomea bibi yake neno kwa neno, akidhani ni barua ya shule.

"Miaka yote hii," akasema. "Umekaa kwenye kiti changu. Umekula mkononi mwangu. Nami naomba mjukuu mbele yako kila wiki, na wewe unanitazama tu!" Hakuwa akipiga kelele. Afadhali angepiga. "Vidonge nimevitupa chooni. Sasa niambie, kwa nini? Tumemkosea nini, mume wake na mimi? Niambie, nipate kuelewa."

Alikuwa akiuliza kweli. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alijue: alisimama mlangoni akisubiri jibu.

Mama wa Kisumu alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. Macho yetu yakakutana. Akatikisa kichwa, polepole, mara moja. Usiseme.

Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: moyo wake mbovu. Yalinifika mdomoni. Lakini nilikuwa nimeapa, na nilikuwa muuguzi, na fedheha ya ile anwani ilikuwa inanichoma. Niliona nimeshaivunja siri yake mara moja, sitaivunja mara ya pili. Mimi, mwenye mdomo usiofungika, siku hiyo nikaufunga.

"Samahani, mama," nikasema, nikageuka.

Nilirudi mara mbili baadaye, sikufunguliwa. Nilimweleza daktari wa jengo jipya, akasema mgonjwa asipokuja mwenyewe hatuwezi kumfuata. Nilikwenda kwa katibu nikamwambia nilichofanya. Alinitengenezea chai, hakunilaumu, na nilimchukia kidogo kwa kutonilaumu.

Habari ya mimba niliisikia sokoni kwa mwanamke mwingine wa Kisumu. Habari ya kifo niliisikia kwa huyo huyo. Moyo ulishindwa siku ya kujifungua, wakamtoa mtoto akiwa hai. Nilisimama na mfuko wa viazi mkononi, nikasahau njia ya kurudi nyumbani.

Mtoto alikuwa na wiki sita hivi alipoletwa kliniki kupimwa uzito. Sheria ilikuwa imetimiza ahadi yake: watoto walipimwa chumba cha kwanza, akina mama cha pili, chini ya paa moja. Siku hiyo nilikuwa zamu ya mizani. Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe amembeba kichanga kwenye shali. Alikuwa amekonda. Nilidhani angegeuka akiniona. Hakugeuka. Alinipa mtoto, nikamvua nguo, nikamlaza kwenye mizani. Alikuwa msichana, mzima, analia kwa nguvu.

"Hospitali wamesema ni moyo," mama mkwe akasema. "Wamesema ni ugonjwa wa zamani. Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Siku ile mlangoni. Ulijua?"

"Nilijua. Alinikataza."

Niliandika uzito wa mtoto. Nikaandika vibaya, nikafuta. Yeye alianza kumvisha mtoto, soksi moja, kisha ya pili, bila haraka, mikono yake ikijua kazi.

"Alikuwa ananiogopa," akasema. "Haya, huyo ni mkwe, mkwe huogopa. Na wewe sista, wewe uliogopa nini? Mimi nilizika binti zangu wawili Kisumu. Ungesema neno moja tu, ningemleta hapa mimi mwenyewe, kila mwezi, nikamshika mkono."

Alimfunga mtoto kwenye shali, akauliza arudi lini. Nikamwambia baada ya wiki mbili. Akaniomba nimwandikie tarehe kwenye karatasi, maana mjukuu wake mkubwa siku hizi hataki tena kusoma barua.