Maji ya Kijani Kutoka Uani Kwangu

Vijana mtakaosoma hii, msicheke kwa sauti, maana aliyeaibika ni mimi, na bado naishi mtaa ule ule hapa Arua, ambako watu hunisalimia huku wakificha meno.

Mimi na Amina tuliolewa mtaa huu mwaka mmoja, nyumba yake iko chini, yangu juu kidogo. Zamani hizo hakukuwa na bomba la maji taka wala nini, mvua ikinyesha tulitoka mbio na sufuria na madebe kuyapanga chini ya mabati, tunalowa, tunacheka kama wasichana (tulikuwa wasichana kweli), na maji yaliyozidi yalijiendea yenyewe kwenye migomba. Mvua zile nazikumbuka kuliko harusi yangu.

Sasa, mwaka juzi watu wa Koboko walikuwa wanakuja kumchumbia mjukuu wangu, nikasema wageni hawatakanyaga matope kwangu, mimi ninayefagia uwanja mara mbili kwa siku. Nikamwambia mwanangu Swalehe atie saruji uani, na maji yote ya mvua, ya bati na ya uwanja, ayaelekeze kwenye chemba ya choo, inayoshukia bomba la maji taka la mtaa, yapotelee huko.

"Mama, chemba hii si ya mvua."

"Maji ni maji. Chimba."

Uwanja ukang'aa, wageni wakausifu, nami nikasahau.

Tangu hapo kila mvua kubwa uchafu ulirudi juu kwa Amina, ukitokea bafuni mpaka chumba cha kulala. Nami, Mungu anisamehe, nikatangaza mtaani kwamba ni wapangaji wake wanatupa matambara chooni. Kisha nikasikia Amina anafunga vitu, anahamia kwa kaka yake huko Midia. Miaka yote ile, halafu ananiacha! Nililia jikoni peke yangu, lakini mdomo sikuufunga.

Ndipo wakaja watu wa maji, mkubwa wao msichana wa Lobule anaitwa Grace, wakatia vidude ndani ya chemba za mtaa, upande wa juu wa nyumba yangu na upande wa chini, vya kupima maji yanavyopita usiku na mchana, wakaviacha msimu mzima wa mvua. Asubuhi waliyotuita kusikia majibu tulisimama mbele ya lango la Amina, na gari lilikuwa limeshapakia kitanda chake.

Grace akanigeukia kwa adabu, akaniita bibi kama wanavyoita huku. "Haboba, siku ya jua maji iko napita kidogo tu, asubuhi watu wakioga, na jioni. Kama bomba ingekuwa na ufa, maji ya mvua ingeingia polepole mpaka kesho yake. Lakini hapa mvua ikianza tu, maji naruka mara moja. Juu ya nyumba yako hairuki. Chini yako inaruka."

"Kidude chako kinajua jina langu?" nikauliza, na watu wakacheka upande wangu, nikavimba kichwa. "Haya, mwageni maji uani kwangu, watu waone!"

(Hakuna aliyenilazimisha. Niliagiza mwenyewe.)

Wakachanganya rangi ya kijani kwenye pipa, wakamwaga uani, nami nikaenda kusimama mikono kiunoni juu ya chemba iliyofunuliwa pale langoni kwa Amina. Sikungoja hata kidogo. Yalikuja ya kijani, mengi, yanapiga kelele kama yameitwa.

"Haboba!" jirani mmoja akapaza sauti. "Maji yako imekuja kusalimia Amina!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Amina peke yake hakucheka. Akayatazama maji, akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe. Na mimi nilifukuza wapangaji wangu kwa sababu ya mdomo yako."

Nikasema, "Ni mimi, dada." Amina akamwambia dereva, bila kuniangalia, "Ngoja kwanza."

Tangu siku ile sijamlaumu mtu kwa jambo ambalo sijaenda kulichungulia kwanza uani kwangu. Lakini pale sikuwa na muda wa kujifunza, nilipanda nyumbani mbio, kilemba mkononi, nikawaita wote:

"Swalehe, vunja saruji, kata bomba hilo leo. Nyinyi wengine, ndoo, sabuni na mafagio, mwende kwa Amina, na mtu asirudi kula hapa mpaka yeye mwenyewe aseme sakafu yake hainuki."